BABA, SIASA NA TARAKILISHI YA SEBULENI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala juu ya mada hii: tarakilishi nyumbani inajenga familia au inaibomoa? Waliopinga walisema inaleta uvivu, picha chafu na upweke. Waliounga mkono walisema inaleta elimu, kazi na habari. Makofi yalipigwa pande zote mbili, kengele ikalia, tukaenda zetu darasani. Lakini mimi niliondoka na dukuduku. Pande zote zilizungumza kana kwamba tarakilishi huelea hewani. La hasha! Tarakilishi hukaa katika nyumba ya mtu, na nyumba hiyo ina wenyewe, ina sheria zake, ina imani yake na ina hofu zake.

Kwa hivyo katika makala haya nimeamua kuchunguza nyumba moja tu ninayoijua ndani na nje: yetu. Nitaeleza msimamo wa mzazi mmoja Mkristo, yaani babangu, kuhusu mambo matatu: malezi, siasa na tarakilishi. Nitaonyesha penye nguvu na penye udhaifu, kisha nitoe maoni yangu. Nilimwomba Baba ruhusa kabla ya kushika kalamu. Alinijibu, "Andika, bora usinipake mafuta wala masizi." Nami nitajaribu kulifuata sharti hilo.

MSAMIATI KWANZA

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, tuanze na maneno. Kifaa chenyewe kina majina matatu: tarakilishi, ngamizi na kompyuta. Shuleni tunapenda kusema tarakilishi. Mitaani ni kompyuta tu, na Baba pia husema kompyuta. Kioo chake ni kiwambo. Kile kidude cha kushikwa kwa kiganja ni kipanya, na wengine husema puku. Kuchukua kitu mtandaoni na kukiweka katika tarakilishi yako ni kupakua. Mahali pa kuhifadhia faili kadhaa pamoja ni kabrasha. Neno la siri la kufungulia ni nywila. Na faragha ni hali ya mtu kuwa na mambo yake yasiyoingiliwa na wengine. Tafadhali yashike sana maneno haya mawili ya mwisho, nywila na faragha, maana ndiyo yaliyoleta kizaazaa kwetu.

MZAZI NINAYEMZUNGUMZIA

Baba ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, viungani mwa mji wa Nakuru. Mama ni mshonaji wa nguo. Baba na Mama hawakuzaliwa katika kabila moja, na ndiyo sababu lugha ya nyumbani kwetu tangu zamani ni Kiswahili. Watu huniuliza nilikipendea wapi Kiswahili. Jibu ni kwamba bila Kiswahili wazazi wangu wasingeelewana hata katika kupatana bei ya posa!

Hapo awali waliishi upande wa Molo. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na kabla ya siku nyingi kupita, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Siku moja wanaume watatu wakaja kumwambia Baba amrudishe Mama kwao. Mama alikuwa na mimba, na mimba yenyewe ndiyo mimi. Baba aliwasikiliza, akafunga mlango, na usiku huo wakaondoka kwa miguu. Kaka alikuwa na miaka minne, akabebwa mgongoni.

Wakati huo ujumbe wa chuki ulikuwa ukipita katika simu kutoka mkono hadi mkono, na wengi waliupeleka mbele bila kuuliza umetoka wapi. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta hifadhi. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Lakini mkataba hauponyi moyo wa mtu kwa siku moja. Baba husema, "Siasa ilitaka kunitenganisha na mke wangu. Sasa niikaribishe sebuleni niipe chai?"

Ukimwelewa hapo, msomaji, utazielewa amri zake tatu.

AMRI YA KWANZA: KOMPYUTA IKAE SEBULENI

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa darasa la sita. Tulifuata vipindi vya redio na runinga vilivyotayarishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, lakini redio haikungoji umalize kuandika. Mwezi wa Julai, vizuizi vya kuingia na kutoka Nairobi vilipoondolewa, Baba aliuza mtamba wake, akapanda matatu, akarudi na tarakilishi iliyotumika. Majirani walimcheka, ati amebadilisha ng'ombe na sanduku lisilokamuliwa.

Kabla hata ya kuiwasha, alitoa amri. Kompyuta itakaa sebuleni, na kiwambo kitazame mlango. Saa mbili usiku inazimwa, tunakula, kisha tunasali. Alitupa sababu tatu. Kwanza, kinachotazamwa na macho ya wengi si rahisi kuwa kichafu. Pili, kifaa ni kimoja na sisi ni watano, kwa hivyo lazima kila mtu aone zamu inavyokwenda. Tatu, kitu kilichonunuliwa kwa ajili ya nyumba hakifai kuila nyumba yenyewe.

Amri hii imesimama mpaka leo. Kwa nini? Maoni yangu ni kwamba imesimama kwa sababu ilimfunga Baba pia. Nimemwona mara nyingi akipiga chapa alama za mtihani, saa mbili ikagonga, naye akahifadhi kazi yake na kuzima hata kama jina lililobaki ni moja. Mdogo wangu alipoona hivyo, hakuwa na la kusema. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi yenyewe ni yale mtoto anayoyaona kwa macho.

Hata hivyo, amri ilikuwa na ufa. Ilikataza kompyuta mezani, lakini simu ya Baba ilikuwa ikilia mfukoni kila dakika, ujumbe wa WhatsApp wa wazee wa kanisa ukiingia mfululizo. Siku moja Mama akamwuliza kwa upole, "Mwalimu, hiyo ya mfukoni si kompyuta?" Baba akatazama sahani yake. Kesho yake kikapu kikawekwa karibu na mlango, na simu zote zikawa zinalala humo wakati wa chakula, yake ikiwa ya kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

AMRI YA PILI: NYWILA NI MOJA

Amri ya pili ilisema kwamba nywila ni moja, na kila mtu aijue. Hakuna kabrasha la kufungwa. Baba alisema anayetembea katika nuru hana cha kuficha. Hofu yake, na ninakubali kwamba si hofu ya bure, ni kwamba mtandaoni mtoto anaweza kuzungumza na mtu asiyemjua, anayejifanya mwenzake wa rika moja, na mzazi asijue hadi maji yamekwisha kumwagika.

Hapa mimi na Baba tuligongana. Nilipoingia Kidato cha Kwanza nilianza kuandika shajara yangu katika tarakilishi. Hamna kitu kibaya humo. Ni mawazo tu na mashairi machanga ambayo bado hayajakomaa kusomwa na watu. Mdogo wangu akawa anayasoma kwa sauti huku akiigiza sauti yangu. Nikaenda kwa Baba kuomba nywila yangu. Hapana ni hapana.

Nikamkumbusha jambo moja kwa heshima zote. Kama mzee wa kanisa, Baba hupokea wanandoa waliogombana, na maelezo ya kesi hizo huyaandika katika daftari analolifungia sandukuni. Nikamwuliza, "Baba, hizo si siri?"

"Hizo si zangu," akajibu. "Ni amana ya watu."

"Na mawazo yangu, Baba, ni amana ya nani?"

Akanyamaza, kisha akasema, "Nitafikiri." Alifikiri mwaka mzima.

Sheria inasemaje? Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inamtambulia mtoto faragha yake, lakini inatambua pia kwamba mzazi ana haki ya kumsimamia kwa kiasi kinachofaa. Kwa hivyo si kweli kwamba mtoto hana siri, na si kweli pia kwamba mzazi hana la kuuliza. Ugumu wote umo katika kukijua hicho kiasi.

AMRI YA TATU: SIASA IBAKI NJE

Baba aliamini kwamba Mkristo huwaombea viongozi, hupiga kura, basi. Mezani kwetu jina la mwanasiasa lilikuwa kama tusi. Hoja yake aliijenga juu ya Warumi sura ya 13, ambapo Paulo anawahimiza waumini kuwatii wenye mamlaka. Ni hoja nzito, wala siidharau. Lakini Biblia hiyo hiyo ina Matendo sura ya 5, ambapo mitume walikatazwa na baraza wasifundishe, nao wakaendelea kufundisha.

Tena ukisoma historia ya nchi yetu, utawakuta Wakristo katikati ya siasa. Juni 1982, kifungu cha 2A kiliingizwa katika Katiba ya zamani, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1986 wachungaji wa Baraza la Kitaifa la Makanisa walipinga upigaji kura wa mlolongo, ambapo wapiga kura hupanga foleni hadharani nyuma ya wafuasi wa mgombea wanayemtaka. Mlolongo ulitumika mwaka 1988 hata hivyo. Baba alikuwa kijana mdogo, na anakumbuka kuona mlolongo mrefu ukishindwa na mlolongo mfupi. Maaskofu kama Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge hawakunyamaza. Mnamo siku ya Mwaka Mpya wa 1990, Mchungaji Timothy Njoya alihubiri Nairobi akitaka mfumo wa vyama vingi ufikiriwe. Agosti mwaka huo Askofu Muge alifariki katika ajali ya barabarani, siku chache baada ya waziri mmoja kumtishia hadharani. Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991.

Basi je, kanisa halikosei likiingia siasani? Hukosea. Mnamo Februari 2008, viongozi wa Baraza hilo hilo walikiri hadharani kwamba makanisa yaliegemea pande na kushindwa kuwa wapatanishi. Na Septemba 2021, katika ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno huko Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa kanisa la Kianglikana aliwakatalia wanasiasa kuhutubu kanisani. Mimi ninavyoona, historia hii haisemi kwamba Mkristo akae kimya. Inasema kwamba mimbari haikodishwi, na kwamba kusema kweli mbele ya mwenye nguvu ni jambo moja, na kuwa kipaza sauti chake ni jambo jingine.

Amri ya tatu ilivunjika mara ya kwanza Agosti 2022, tena na Baba mwenyewe. Baada ya uchaguzi wa tarehe 9, alipata ujumbe katika simu kwamba katika kituo chetu kura zilizopigwa zilizidi watu waliojiandikisha. Akaupeleka kwa kundi la wazee wa kanisa. Mama alipomwuliza, akajibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

"Sawa, Mwalimu," Mama akasema. "Lipo wapi? Tuonyeshe."

Mwaka huo Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeweka fomu za 34A mtandaoni, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, vituo zaidi ya 46,000, na mtu yeyote aliweza kuzipakua. Tukawasha tarakilishi. Tukatafuta kaunti, eneo bunge, wadi, hadi shule anayofundisha Baba. Fomu ikafunguka, ikiwa na maandishi ya mkono na sahihi za mawakala. Waliojiandikisha hawakufika mia saba, na kura zilikuwa chini ya hapo. Ujumbe ulikuwa uwongo mtupu.

Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akaandika katika kundi lile lile: ujumbe niliowaletea si wa kweli, fomu yenyewe ni hii hapa, nisameheni. Wengine walimshukuru. Mmoja alimwambia amenunuliwa. Ila sisi watoto tuliona jambo ambalo mahubiri kumi yasingetufundisha: mtu mzima, mwalimu, mzee wa kanisa, akirudisha maneno yake mbele ya watu waliomheshimu.

JUMAMOSI YA MSWADA

Jaribio kubwa lilikuja Juni 2024. Kaka alikuwa na miaka 21, mwanafunzi wa chuo jijini Nairobi. Vijana walikuwa wakipinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, na maandamano makubwa yalipangwa Jumanne tarehe 25. Kaka alikuja nyumbani mwishoni mwa juma. Jumamosi usiku, baada ya sala, Baba akasema, "Jumanne hutaonekana mjini."

Kaka akauliza, "Baba, mswada wenyewe umeusoma?"

"Sijausoma. Sihitaji kuusoma ndio nijue risasi ni risasi."

Mama hakuinua macho kutoka kwa sindano yake. Akasema, "Mwalimu, mtoto ameuliza swali. Wa darasani akikuuliza hivyo, humjibu kwa fimbo."

Kaka alikuwa ameupakua mswada wote. Tukasogeza viti mbele ya kiwambo. Mswada tuliokuwa nao ulikuwa wa Kiingereza kigumu cha mawakili, na Baba akataka kila kifungu kielezwe kwa Kiswahili ili Mama na mdogo wangu wafuate. Kazi hiyo nikapewa mimi. Wanachama wenzangu, hapo ndipo nilipojua kwamba Kiswahili si cha insha na mashairi pekee! Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mshonaji wa Nakuru akitaka kujua kodi atakayotozwa, inambidi angoje mtoto wake amtafsirie.

Tulisoma kuhusu ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16 kwa mkate. Tulisoma kuhusu ushuru wa kila mwaka wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Kaka, kwa uaminifu, alitueleza kwamba tarehe 18 Juni ilikuwa imetangazwa kuwa hayo mawili yataondolewa. Kisha tukafika mahali ambapo mswada, jinsi ulivyochapishwa, ulipendekeza kuilegeza Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ili mamlaka ya ushuru ipate habari za watu bila kufungwa na sheria hiyo. Baba akasimama. "Yaani mtu aingie katika mambo yangu, afungue afungue, na asiwe na wa kumwuliza?"

Nikasema polepole, "Kama nywila yetu, Baba."

Sebule ikanyamaza. Mama ndiye aliyecheka kwanza. Baba akanitazama kwa muda mrefu, halafu naye akacheka, ingawa si sana. Juma lililofuata nilipata kabrasha langu lenye nywila yangu. Masharti ni mawili: Baba anaweza kuomba lifunguliwe akiwa na sababu, na lazima aitaje, nami niwepo linapofunguliwa. Mpaka leo hajaomba.

Usiku ule, baada ya saa sita, Baba aliandika barua pepe kwa mbunge wetu. Ilikuwa barua yake ya kwanza ya kisiasa maishani. Alitaja vifungu alivyovipinga na sababu zake, akaomba pia vijana wasipigwe risasi, kisha akatia jina lake kamili. Jibu hatujaliona. Lakini Ibara ya 118 inalitaka Bunge lishirikishe umma katika kutunga sheria, na Baba alisema yeye sehemu yake ameifanya.

Kuhusu Kaka, hawakukubaliana. Baba alisema Ibara ya 37 inaruhusu watu kuandamana kwa amani bila silaha, hilo halipingi, ila yeye ni baba, na katiba haimzuii baba kuogopa. Mwishowe akamwambia, "Sikutumi, wala sikulaani." Akampa nauli na masharti: asishike jiwe, na apige simu kila saa.

Jumanne wabunge walipitisha mswada, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia. Alasiri mtandao ukazorota nchini, na simu ya Kaka ikawa haipatikani. Saa mbili usiku tulikaa mezani, chakula hakikuguswa. Simu ikalia kikapuni, na Baba ndiye aliyeruka kuitoa. Kaka alikuwa salama. Kuna wazazi ambao hawakupigiwa simu hiyo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 39 kufikia tarehe 1 Julai. Tarehe 26 Juni Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule.

Mwaka uliofuata ulituonyesha kwamba hofu ya Baba haikuwa ndoto. Mwishoni mwa Mei 2025, Rose Njeri, mama na mtaalamu wa programu, alikamatwa Nairobi kwa kutengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao Bungeni kuhusu Mswada wa Fedha wa 2025. Alishtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2018, na tarehe 20 Juni mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo. Mwezi huo huo mwalimu kijana, Albert Ojwang', alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi. Alikuwa mwalimu kama Baba, na alikuwa na mtoto. Siku hiyo Baba alizima redio, akatoka nje, akakaa chini ya mti hadi giza likaingia. Aliporudi hakumwamuru Kaka afute alichoandika. Alimwambia tu kwa simu, "Andika yale unayoweza kuyasema mbele ya hakimu kwa jina lako. Na usiandike usiku ukiwa na hasira."

TUMEJIFUNZA NINI?

Kwanza, sheria hushika inapomfunga pia aliyeitunga. Kompyuta ilibaki sebuleni kwa sababu Baba naye aliitumia sebuleni. Nywila moja ilivunjika kwa sababu yeye alikuwa na sanduku lake na sisi hatukuwa na letu. Na hili ni somo la siasa kama lilivyo la malezi. Nchi nayo ina baba zake, na wananchi huwatazama kama watoto wanavyotazama mezani.

Pili, siasa haifungiwi nje. Hupita katika bei ya mkate, katika nauli na katika simu iliyo mfukoni. Linalowezekana ni kuchagua itaingia kama nini: kama uvumi usio na mwenyewe, au kama fomu na mswada unaoweza kusomwa na familia yote kwa sauti.

Tatu, faragha na usimamizi si maadui. Mzazi anayetaja sababu kabla ya kufungua hapotezi heshima, huongeza.

Nne, imani haikumwondolea Baba woga. Ilimpa nguvu ya kuomba msamaha mbele ya kundi zima, na ya kumpa mwanawe nauli ya safari asiyoitaka.

Bado kuna jambo tusilokubaliana. Baba anashikilia kwamba mtu aliye chini ya miaka 18 asiandike chochote cha siasa mtandaoni. Mimi ninaona mtu haanzi kuogelea siku anayotupwa ziwani. Mjadala unaendelea, mezani, simu zikiwa kikapuni.

MASWALI YA KUJADILI KIKAONI

1. Taja sheria moja ya nyumbani kwenu inayomfunga mzazi na mtoto sawasawa, na moja inayomfunga mtoto peke yake. Ipi hutiiwa zaidi?
2. Mzazi anapaswa kuwa na sababu gani kabla ya kufungua kabrasha au simu ya mtoto wake?
3. Chagueni kifungu kimoja cha mswada wowote wa Bunge, mkifasiri kwa Kiswahili ambacho mshonaji au mchuuzi atakielewa. Ni maneno gani yaliwasumbua?
4. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Je, methali hii inafaa katika zama za mitandao?

Tafadhali swali la kwanza na la pili muwaulize wazazi wenu pia kabla ya kuja kikaoni, na majibu yao myaandike jinsi walivyoyasema.